Uliza Ujibiwe: Nzi jambazi kwenye kopo la mwalimu

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa baiolojia huku Nyegezi, klabu yetu imekusanya nzi wakubwa wakubwa kwenye miamba nyuma ya shule, wale wanaokaa juani juu ya jiwe, mdudu akipita wanamrukia hewani na kurudi naye palepale. Vijana wamesoma wakasema ni nzi jambazi, familia ya Asilidae, sasa wanataka majina kamili ya spishi kwa ajili ya maonesho ya shule. Tumewaweka kwenye spiriti, picha za wanne hizo hapo. Tusaidie ndugu yetu. *Mwalimu, Nyegezi*

JIBU: Salama mwalimu, na hongera kwa hao vijana maana wengi huku wakiona nzi wanatafuta dawa ya kupuliza tu. Ila nikwambie mapema, jina kamili la spishi kwa picha hizi sikupi, na yeyote atakayekupa chap chap muulize ameangalia nini. Asilidae walioelezwa duniani wanapita spishi 7,000, na wengi kwa nje wanafanana mno.

Tuanze na namba nne, huyo mtoe kabisa, ni pange. Mwangalie kwa mbele: juu ya kichwa katikati ya macho pako sawa tu. Nzi jambazi hapo ana bonde, macho yamepanda juu kuliko utosi, halafu usoni ana masharubu ya nywele ngumu zinazomkinga mawindo yakianza kurusha mateke. Bonde na masharubu ukiviona pamoja, familia umeipata.

Namba moja, jeusi lenye manyoya, naona mmeandika "nyuki?" na siwalaumu. Anafanana na yale manyuki meusi yanayotoboa mbao za paa, lakini ana mabawa mawili na nyuki ana manne. Huyu nadhani ni Hyperechia, na kinachonifurahisha ni kwamba funza wake huishi humohumo kwenye mashimo ya hao nyuki akila watoto wao. Namba mbili ni mdogo, vipapasio vyake vina vinywele kama unyoya, hiyo ni dalili nzuri ya Ommatius. Namba tatu ana mistari ya njano, tandaza bawa lake chini ya lenzi uhesabu vijichumba kati ya vishipa karibu na ncha ya mbele, vikiwa vitatu badala ya viwili basi tuko kwa Promachus na ndugu zake. Zaidi ya hapo naishia kwenye jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, lile jina la kwanza kabla ya jina la spishi, na nyie andikeni hivyohivyo kwenye maonesho, "Promachus sp.", ndivyo hata wataalamu wanavyoandika na hakuna atakayewacheka.

Mkitaka kwenda mbele ya hapo mnahitaji dume, maana spishi nyingi zinatenganishwa kwa umbo la viungo vyake vya uzazi huko mkiani. Ncha ya tumbo inakatwa, inalazwa usiku kucha kwenye potashi kali ya maabara ya asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke yabaki magamba, (hii ufanye wewe mwenyewe na glavu, siyo wanafunzi), kisha inasuuzwa na kuwekwa kwenye kijichupa chenye tone la gliserini ya duka la dawa. Hicho kijichupa kinachomwa kwenye pini ileile ya mdudu wake, kikitengana tu kazi yote imekwenda na maji.

Spiriti acheni, inalaza manyoya na rangi zinapauka, wakati kwa hawa manyoya ndiyo ushahidi. Mweke kwenye friza, kesho yake mchome pini kifuani upande wa kulia kidogo ili upande wa kushoto ubaki mzima. Akikamatwa na mawindo mdomoni, mawindo nayo yahifadhiwe pamoja naye, maana habari ya nani anakula nini ni adimu. Lebo iwe na mahali, GPS, tarehe, jina la aliyekamata. "Mwanza" peke yake haitoshi jamani, Mwanza ni kubwa. Na sanduku mtie naftalini, sisimizi wa huku hawana adabu.

SWALI: Kaka, nafuga nyuki Sengerema, hao nzi nawaona wanabeba nyuki wangu mmoja mmoja. Niwapulizie dawa? *Mfugaji*

JIBU: Usithubutu, dawa itaua nyuki kabla ya nzi. Ni kweli wanakamata nyuki, wanawachoma mate yenye sumu yanayoyeyusha nyama ya ndani kisha wanafyonza, lakini wanakula pia panzi, nyigu na nzi wengine, na mzinga wenye nguvu hausikii. Wewe hawakunyonyi damu, ila ukimshika kwa vidole atakudunga na utamkumbuka.

SWALI: Tunaweza kwenda kukamata Saanane wikendi? *Form Three, Mwanza*

JIBU: Hapana wadogo zangu, kile kisiwa ni hifadhi ya taifa, bila kibali hata kipepeo hamtoki naye. Nendeni kwenye mawe ya Luchelele jua likishapamba moto, neti ishuke kutoka juu na kivuli chenu kisimfikie kwanza.