Stori za Kikristo za theluji kwa matineja: baridi iwe baridi kweli

Naandika fantasia za Kikristo kwa matineja, na nyingi zinatokea kwenye dunia za kubuni ambako theluji haikatiki, kwa hiyo watu wananiuliza sana naanzaje, na swali linalofuata ni lile lile siku zote, eti nani atakuwa Yesu kwenye stori. Mi nasema hilo liweke pembeni kwanza. C. S. Lewis, ambaye kitabu chake cha kwanza cha Narnia, dunia yake ya kubuni, kilitoka 1950, alieleza mwenyewe kwamba hakuanza na somo la kufundisha, alianza na picha iliyomkaa kichwani tangu ana miaka kama 16 hivi, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi kabeba mwavuli na vifurushi kwenye msitu wenye theluji. Aslan, yule simba anayemwakilisha Yesu kwenye stori hizo, alikuja baadaye.

Shida ni kwamba tangu hapo kila mtu anamuiga. Malkia mbaya wa barafu, mfalme mwema anarudi, theluji inayeyuka, watu wanaimba. Tineja akisoma kurasa tatu tu ashajua mwisho, anafunga kitabu anarudi kwenye simu, na mi simlaumu.

Ukitaka kitu kipya rudi kwenye Biblia yenyewe, maana ina baridi nyingi kuliko tunavyokumbuka. Kwenye Ayubu 38 Mungu anamuuliza Ayubu kama ashawahi kuingia kwenye ghala za theluji. Ghala! Hapo tayari una mahali pa kumpeleka mhusika wako, lina mlango, lina mlinzi, na kuna kitu kimewekwa akiba kwa ajili ya siku fulani. 2 Samweli 23 kuna Benaya aliyeshuka shimoni akaua simba siku ya theluji, mstari mmoja tu umepita hivi hivi bila maelezo, mwandishi wa matineja anataka nini tena.

Ila ninayempenda zaidi ni mfalme Yehoyakimu kwenye Yeremia 36. Amekaa kwenye nyumba yake ya msimu wa baridi, makaa yanawaka mbele yake, anasomewa gombo la maneno ya Mungu, na kila zikisomwa safu tatu nne zinakatwa kwa kisu zinatupwa motoni mpaka gombo lote linaisha, na waliokuwepo wengi hata hawashtuki. Huyo ndo adui mzuri wa stori ya baridi. Hapigi kelele, hana pembe, yuko zake kwenye joto lake, na joto hilo linatokana na kuchoma kitu ambacho wengine wangekihitaji ili wapone. Mwandikie huyo hata nguo nzuri na ucheshi, atatisha kuliko malkia yeyote wa barafu.

Sasa baridi yenyewe. Hapa ndo naona waandishi wengi wanalegea, theluji inakuwa pambo tu, mhusika anatembea siku nzima kwenye dhoruba halafu jioni anatoa hotuba ya imani. Haiwezekani bana. Vidole vinaanza kwa kuuma, halafu vinaacha kuuma, na vikiacha kuuma ndo hatari inaanza. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kuchanganyikiwa, maneno yanamponyoka, na baridi ikizidi zaidi hata kutetemeka kunaisha, wengine wanavua nguo wakidhani wanaungua. Jasho ni adui, maana nguo ikilowa inakunyonya joto, kwa hiyo anayekimbia sana kutoroka anaweza kufa akishasimama. Kula theluji kwa kiu kunakushusha joto. Na theluji mpya inameza sauti, mtu anaweza kukufikia mgongoni hujasikia kitu.

Lakini theluji hiyo hiyo ukiichimba ukaingia ndani inakukinga na upepo na inashika joto lako, unapona humo. Hii naisisitiza kwa sababu waandishi wa Kikristo wana tabia ya kufanya theluji yote iwe shetani, wakati Isaya 1:18 anaitumia kuelezea dhambi zilizosafishwa, na Zaburi 147 inasema Mungu mwenyewe ndiye anayeitoa. Iache iwe vyote viwili. Tineja ana akili, atajua cha kufanya nayo.

Kuhusu uchawi, najua wazazi na wachungaji wakiliona hilo neno wanashtuka, na siwezi kusema hawana sababu. Mi kanuni yangu nimeitoa kwa yule Simoni wa Matendo 8 aliyetaka kununua nguvu za Roho kwa fedha. Kwenye stori zangu nguvu yoyote inayoweza kununuliwa, kukaririwa au kumilikiwa iko upande wa adui. Wema wanapewa, na hawapewi kila wakiomba. Ukishika hiyo tu maswali mengi ya wazazi yanaisha, na ploti nayo inakaza kwa sababu shujaa hawezi kutoka kwenye shida kwa neno moja la ajabu.

Hii inanipeleka kwenye maombi. Nina kipande kimoja, binti wa miaka 15 yuko pangoni na binamu yake aliyewauza kwa adui, wamelowa, kiberiti kimebaki na njiti tatu. Vidole havishiki. Njiti ya kwanza inavunjika, ya pili inaangukia kwenye maji, anaomba nusu sentensi kwa hasira na hakuna kinachotokea. Njia pekee ya kupata vidole vyake tena ni kuviweka kwapani kwa yule msaliti, ngozi kwa ngozi, akae hapo amsikie anavyopumua. Anakaa. Ndo anawasha ya tatu. Nilipokisoma mbele ya kikundi cha vijana hakuna aliyeuliza kuhusu muujiza, waligombana kama alimsamehe kweli au alikuwa anataka joto tu, na mi nikanyamaza kabisa, maana ningejibu ugomvi ungeisha. Kwa hiyo kama unaandika na unasikia mkono unataka kuongeza aya ya kueleza somo, futa hiyo aya, na kama una kikundi cha vijana wasomee kwa sauti, pale wanapoanza kujinyoosha na kuangalia pembeni ndo umeanza kuhubiri.

Jambo la mwisho ni huo mwisho wenyewe. Theluji ikiyeyuka haiachi bustani, inaacha matope, mito inafurika, mizoga iliyofukiwa inaonekana, na paa zilizobebeshwa uzito msimu mzima zinavuja. Tineja aliyeokoka akarudi nyumbani akakuta baba bado haongei na mama anaielewa hiyo vizuri sana. Andika chapta ya matope. Wape wahusika majembe, wape na watu wa kuzika, na wale waliomtumikia mfalme mbaya warudi kuomba kazi. Kama kitabu kimekuwa kirefu, punguza vita vya mwisho, chapta ya matope ibaki.