Mkopo siyo mauzo, na mengine ninayoyarudia kila Machi

Machi imefika, foleni ya makadirio, ile kodi ya wafanyabiashara wadogo inayotazama mauzo, imeanza, na wadogo zangu wa ofisini mmeanza tena. Nimepitia mafaili yenu yote. Mengine yamenifurahisha, kuna mtu kapanga risiti kwa mwezi na kwa muuzaji mpaka nikaona aibu ya faili zangu za zamani. Mengine yamenitoa nje kwenda kunywa kahawa ambayo sikuwa na hamu nayo. Jina sitaji. Anajijua, na chai ya saa nne kesho iko juu yake.

1. Mkopo siyo mauzo. Fundi cherehani mwenye ulemavu amepata milioni 5 za halmashauri, kwenye lile fungu la wenye ulemavu, asilimia 2 ya mapato ya ndani. Zimeingia kwenye akaunti yake. Mwenzenu kachukua stetimenti, kajumlisha kila kilichoingia, kaandika mauzo ghafi milioni 11. Mauzo ya fundi yule ni milioni 6, daftari lipo, hakulifungua. Haya, tupige hesabu ya mtu anayetunza kumbukumbu. Kwa milioni 6 analipa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4, yaani 60,000. Kwa milioni 11 analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, jumla 210,000. Tofauti ni 150,000. Halmashauri imemkopesha bila riba, sisi tunaojiita washauri wake tumemtoza asilimia 3.

Ni yale yale na hela ya mchezo, hela aliyotuma mtoto kutoka Muscat, na hela ambayo mteja kaihamisha mwenyewe kutoka kwenye simu kwenda benki ikahesabiwa mara mbili. Kaeni na mteja, pitieni kila kilichoingia, andikeni pembeni kimetoka wapi. Akisema hakumbuki, mpigie mkewe. Wake wanakumbuka.

2. Rejesho zima la mkopo siyo gharama. Kwa anayefunga hesabu na kulipa kodi ya faida, gharama ni riba tu, na kwa wa makadirio hata hiyo riba haina kazi, maana kodi yake inatazama mauzo.

3. Wateja watawauliza kama kuna msamaha wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo. Upo, ila hautangazwi kwa jina hilo, na nyinyi mnawanyima kwa uvivu. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 4 kwa mwaka hana kodi ya mapato ya kulipa kwenye biashara hiyo. Ndio hao waliokuwa wakipewa vile vitambulisho vya 20,000 kuanzia mwishoni mwa 2018. Akivuka hapo, nafuu yake iko kwenye daftari. Chukua mama wa genge mwenye mauzo ya milioni 5: bila kumbukumbu ni 100,000, akiwa na kumbukumbu ni 30,000. Mwenye milioni 8 bila kumbukumbu ni 250,000, akiwa nazo ni 120,000. Daftari la kaunta linauzwa bei gani? Halafu mtu ananiletea faili limeandikwa "hakuna kumbukumbu" wakati mteja ana madaftari mawili chini ya meza ya duka, yamelowa mafuta ya taa lakini yanasomeka. Nilikwenda mwenyewe nikayakuta.

4. Hii nitaisema kwa kirefu, na mkinicheka chekeni, ila msirudie.

Nilikuwa na mteja, mama wa duka la vifaa vya ujenzi huku Mwanza. Saruji, nondo, misumari, mabati, rangi kidogo. Mchapakazi, mwenye mdomo, ananiita mwanangu mbele ya wateja wake na kunigombeza mbele ya hao hao. Alinikuta kijana, nina diploma yangu na kiburi changu, nikaona huyu ndiye atakayenitangaza mtaani.

Kwenye kodi nilimfanyia "wepesi". Aliyenitangulia alikuwa kishoka mmoja, wale wa kujifanya wataalamu, alimkadirisha kwenye kundi la milioni 7 hadi 11, bila kumbukumbu, 250,000 kwa mwaka katika awamu nne. Mimi nikaliona duka, nikaona lori la saruji linashushwa, nikajua kabisa kwamba milioni 11 haiko hapa. Nikanyamaza. Nikajiambia mimi siye niliyeanza, na mama mwenyewe hajalalamika. Kila Machi nilirudia ile ile, nikaona nimemwokolea hela.

Kwenye mkopo nilikuwa mtu mwingine kabisa. Alitaka milioni 15 za benki aongeze mzigo kabla ya kiangazi, watu wanapoanza kujenga. Ofisa mikopo akataka ushahidi wa biashara. Nikamwambia mama: kuanzia leo, ukinunua popote, dai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, yenye TIN yako, yaani namba yako ya mlipakodi, usiondoke bila hiyo. Ushauri safi, hata leo ningeutoa. Mama akautii kuliko nilivyotegemea. Alikuwa anasimama dukani kwa muuzaji wa jumla anasoma tarakimu za TIN kwa sauti mpaka karani anachukia. Risiti zikajaa kwenye boksi la viatu. Nikaandika andiko zuri, nikaonyesha manunuzi, nikaonyesha mauzo, na kwa mara ya kwanza namba zilikuwa za kweli. Mkopo ukatoka. Mama akaniletea kuku hai ofisini, na jogoo lenyewe likawika mpaka jioni.

Sasa mmeshaona nilipojifunga? Mimi nilikuwa sijaona. Nilikuwa na faili mbili kwenye kabati moja, moja ya kodi na moja ya benki, na sikuwahi kuziweka mezani pamoja. Kila risiti iliyosoma TIN ya mama ilikuwa inakwenda kwenye mfumo wa kodi saa ile ile inayochapwa. Mtu anayetangaza mauzo yasiyofika milioni 11 alikuwa na manunuzi ya zaidi ya milioni 60, yameandikwa kwa jina lake, na aliyehimiza yaandikwe ni mimi.

Barua ilipokuja, mama alinipigia asubuhi sana. Nilikwenda. Ofisa wa kodi alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Alinigeuzia karatasi niione: tarehe, muuzaji, kiasi, mstari kwa mstari. Akaniuliza, "Hii saruji alikula?" Sikuwa na jibu. Wakamfanyia tathmini upya ya miaka ya nyuma, kodi, riba, na adhabu.

Mpaka hapo lilikuwa kosa linalorekebishika. Tathmini ile ilikuwa na makosa yake pia, kuna mzigo ambao ndugu yake alinunua kwa TIN ya mama kwa ajili ya nyumba yake, kuna risiti zilizofutwa na muuzaji zikaonekana kama zimesimama. Una siku 30 tangu upewe tathmini kuweka pingamizi kwa maandishi, na unalipa kwanza theluthi moja ya kodi au kile usichokibishia, kipi ni kikubwa. Nililisoma chuoni, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama. Unajua nilifanya nini na siku zile? Nilitafuta mtu. Nilipewa namba ya mtu anayemjua mtu. Nikakaa naye kwenye baa nikamnunulia nyama choma, akawa ananiambia "tulia, faili liko mezani kwa mshikaji". Nikatulia. Siku zikaisha nimetulia. Mtu wangu akaacha kupokea simu, na hela niliyompa ilikuwa ya mama.

Kuomba kuongezewa muda kunataka sababu ya maana, kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi. "Nilikuwa nakula nyama na kishoka" haimo. Mama akalipa kwa awamu tathmini nzima, pamoja na ile sehemu ambayo haikuwa yake. Alipotaka mkopo wa pili benki ikataka kliarensi, hati ya kuonyesha kodi iko sawa, kliarensi haikutoka na deni liko wazi, kiangazi kikapita duka halina mabati. Akaenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kali. Wakamchukulia guta.

Duka lipo mpaka leo, dogo kuliko zamani. Nikipita ananisalimia, bado ananiita mwanangu. Hesabu zake anafunga binti mwingine.

Kwa hiyo mkiniona nawalazimisha mweke faili la kodi na andiko la mkopo juu ya meza moja kabla hamjasaini lolote, msinung'unike kwamba dada ana mambo mengi. Na makadirio mliyoyarithi kwa kishoka yarekebisheni sasa, mkiwa nyinyi ndio mliokwenda wenyewe ofisini. Ukijipeleka wewe unaongea kwa sauti nyingine kabisa na yule aliyeitwa kwa barua.

5. Acheni kuwafungulia watu kampuni ili waonekane wakubwa. Makadirio ni ya mtu binafsi, na kampuni inalipa asilimia 30 ya faida na inataka hesabu zilizopitishwa na CPA, mhasibu aliyesajiliwa, hata ikiuza karanga.

6. Makadirio hayamhusu anayeuza huduma za kitaalamu, ujenzi au mafunzo. Na yanaishia mauzo ya milioni 100. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tangu Julai 2023 inaanza milioni 200, kwa hiyo anayewatisha wateja wenu na namba ya zamani msahihisheni.

7. Kwa wanaofunga hesabu, kompyuta hupunguzwa thamani kwa asilimia 37.5 kwa mwaka. Mnaisahau kila mwaka.

8. Zuio la pango. Hapa wenye nyumba wanatumaliza. Mpangaji wa biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mwenye fremu anasema, "Mimi nataka 300,000 yangu kwa mwezi, mambo ya serikali utajua mwenyewe," na anataka ya mwaka mzima mkononi. Mteja anakubali, anatoa 3,600,000, halafu anatozwa zuio juu yake. Na nyinyi mnalikokotoa 360,000. Hapana. Kama mwenye nyumba amepokea 3,600,000 safi, pango halisi ni milioni 4 na zuio ni 400,000. Pigeni simu kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu baada ya hapo mnabishana na mzee aliyekwisha kula hela. Mzee mmoja nilipomweleza kwamba zuio ni kodi yake yeye na atapewa cheti chake, aliniuliza kama cheti kinaliwa.

9. Mikopo ya halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Hakuna hela ya bei nafuu kuliko hiyo nchini, haina riba, na ndiyo maana vikundi vinaota kama uyoga. Msiwaandikie andiko watu waliokutana kwenye foleni. Nilishakaa pembeni ya afisa maendeleo ya jamii akihoji kikundi cha ufugaji wa kuku. Akamuuliza mjumbe: mwenyekiti wenu nani? Mjumbe akaangalia huku na huku, akamnyooshea kidole dereva wa afisa. Mabanda waliyoonyesha yalikuwa ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni kashika mikono kiunoni. Kabla hamjagusa katiba na mihtasari ulizeni wanakutana wapi, nani anashika daftari, na mmoja akihamia Geita nani analipa sehemu yake. Wakianza kutazamana, funga kompyuta.

10. Wakopeshaji wadogo. Wengine ni watu wazuri wenye leseni ya Benki Kuu, na kiwango cha juu walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Ila ulizeni inapigwa juu ya nini. Milioni 1 kwa miezi 6, ikipigwa kwenye deni lote tangu mwanzo mpaka mwisho, riba ni 210,000. Ikipigwa kwenye deni linalobaki kila mwezi, ni 122,500. Asilimia ni ile ile, karatasi ni ile ile, na ofisa mikopo atawaambia hakuna tofauti. Halafu someni ukurasa wa nyuma ambako kuna ada ya fomu, bima, na faini ya kuchelewa inayohesabiwa kwa siku. Asiye na leseni hata msisome, mrudishieni kalamu yake.

Mafaili yenye alama nyekundu yako kwenye kiti changu. Machi haifiki mbali, na mfumo ukifika tarehe 30 na 31 unakwenda kwa kuchechemea, kwa hiyo nayataka yamekwisha kabla ya Ijumaa. La fundi cherehani nimeshalirekebisha.