ULIZA NIJIBU: Vimpira vya Sony, kuku wa Peter Gabriel na nywele za Michael

Toleo lililopita niliwaomba mnitumie maswali kuhusu tangazo la runinga au video ya wimbo ambayo mpaka leo haijawatoka kichwani, jamani mmetuma mpaka simu ya ofisi imejaa, asanteni sana. Wengi mnauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, eti hiki nilichokiona kilifanyika kweli au ni kompyuta tu. Nalipenda sana swali hilo kwa sababu ukiangalia zile ambazo watu wanazikumbuka baada ya miaka ishirini, thelathini, karibu zote kuna mtu alitoka jasho mbele ya kamera. Haya twende.

Dada habari za kazi. Kuna tangazo la TV za Sony, vimpira vya rangi vinashuka mtaani kwenye mteremko maelfu kwa maelfu, wimbo wake gitaa la taratibu. Mume wangu anasema ni kompyuta, mimi nasema sio, tumewekeana dau la kuku. (Msomaji, Tabata)

Mwambie shemeji akanunue kuku. Vilikuwa vimpira vya kweli, vile vile vya kudunda wanavyochezea watoto, 250,000, vikaachiwa kwenye mitaa ya San Francisco mwaka 2005. Dairekta ni Mdenmaki, Nicolai Fuglsig. San Francisco ina ile mitaa ya mlima inayoshuka wima mpaka unaogopa kupaki gari, ndio maana wakaenda kule. Vimpira vingine vilimwagwa kutoka juu, vingine vikarushwa kwa mizinga ya hewa, na wapiga picha walikaa nyuma ya ngao kama zile za FFU maana kimpira kikishuka mteremko ule kikakupata usoni ni habari nyingine.

Ukilitazama tena usiangalie vimpira vyote kwa pamoja, chagua kimoja ukifuate hicho hicho. Utaona kinagonga ukingo wa barabara kinabadili njia, kinapiga gari kinarudi, hakuna viwili vinavyodunda sawasawa. Halafu subiri chura anaporuka kutoka kwenye bomba la maji, hapo mimi huwa nasimamisha narudisha nyuma. Na hakuna mtu anayekuambia nunua TV, hakuna bei, hakuna ofa ya sikukuu, unaachwa na rangi tu na gitaa, mpaka mwisho kabisa ndio unajua wanauza nini. Kampuni inauza TV ya rangi nzuri basi ikakuonyesha rangi, nini tena.

Wimbo ni Heartbeats, anauimba José González, Msweden ambaye wazazi wake walitoka Argentina. Wenyewe ni The Knife, Waswidi pia, ila wao waliupiga kwa vinanda vya umeme, ukiusikia wa kwanza unaweza usiutambue.

Mambo vipi dada. Mimi fundi magari Gerezani. Lile tangazo la Honda ambapo vipuri vinagongana kimoja baada ya kingine mpaka gari inatokea, matairi yanapanda mlima yenyewe. Hiyo haiwezekani, kubali ni uongo. (Fundi, Ilala)

Fundi wangu, umeuliza pale pale penye utamu. Tangazo linaitwa Cog, la mwaka 2003, sekunde 120, alilishuti Mfaransa Antoine Bardou-Jacquet kwenye studio Paris, na huyu bwana kabla ya hapo alikuwa anafanya video za nyimbo. Matairi yalipanda kweli. Ndani ya tairi walifunga uzito upande mmoja, basi ukilisimamisha ule uzito ukiwa juu, ukiligusa kidogo tu uzito unataka kushuka chini na kushuka kwake ndio kunalivingirisha tairi mbele, hata kama mbele ni kamlima. Jaribu hapo gereji na rimu kuukuu na nati kadhaa, wewe ndio mwenye vifaa.

Waipa nazo zinatembea zenyewe sakafuni kama wadudu, zile ni waipa za gari inayojua mvua, ikipata tone la maji inaanza kazi. Yaani kila kitu ambacho gari inajua kufanya walikitafutia sehemu yake kwenye ule mnyororo.

Ila usije ukaniambia nimekuficha, kuna sehemu moja walikata. Studio haikuwa na urefu wa kutosha, kwa hiyo walishuti vipande viwili vya dakika moja moja wakaviunga pale ekzosi inapovingirika sakafuni. Basi. Mengine yote ni watu kupanga vipuri, kimoja kinakosea kwa upana wa unywele, wanaanza upya, siku nzima, usiku mzima. Ninyi mafundi mnajua kuliko mimi beringi ikikaa vibaya kidogo inakuwaje.

Shikamoo dada. Wanangu wanabisha kwamba habari ya Michael Jackson kuungua nywele kwenye tangazo la Pepsi ni stori za vijiweni. Mimi nakumbuka tulisikia redioni enzi hizo. Halafu ni kweli aliyeshuti ndiye aliyeshuti Beat It? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

Marahaba mama. Ni kweli yote mawili, waite wanao wakae hapa.

Ilikuwa tarehe 27 Januari 1984, ukumbi wa Shrine Auditorium, Los Angeles, mbele ya mashabiki waliojaa kama wamekuja kwenye shoo. Michael anatakiwa ateremke ngazi huku fataki zinalipuka nyuma yake. Walikuwa wameshairudia mara kadhaa, safari hii fataki zikalipuka mapema kabla hajateremka, cheche zikaingia kwenye nywele, na yeye hakujua, akaendelea kushuka anacheza huku kichwa kinawaka mpaka watu wakamrukia kumzima. Aliungua ngozi ya kichwa vibaya. Pepsi walimlipa fidia dola milioni 1.5 na hakuichukua, aliipa hospitali ya Brotman iliyomtibu kwa ajili ya wagonjwa wa kuungua. Hii sehemu naomba uwasimulie wanao taratibu, maana watu wanakumbuka moto wanasahau alichofanya na zile hela.

Dairekta ni Bob Giraldi. Alikuwa mtu wa matangazo tangu zamani, na mwaka 1983 ndio akafanya Beat It, ile ya magenge mawili yanakutana usiku kupigana. Baadhi ya wale vijana walikuwa wanachama wa kweli wa magenge ya Los Angeles, wamechanganywa na wacheza dansi wa kazi. Ukitazama sura za waliosimama pembeni unaona kabisa huyu hajafundishwa kukunja uso. Sasa mwaka uliofuata Pepsi wanamtaka Michael, nani atashuti, si yule yule. Ndio maana yale matangazo yakawa kama video za nyimbo kabisa, na wimbo wenyewe ni Billie Jean uliobadilishwa maneno. Lile la pili la mtaani, kale katoto kanakocheza kwa kumuiga Michael mpaka kanagongana naye mwenyewe, ni Alfonso Ribeiro, yule Carlton wa kwenye tamthilia ya Will Smith, The Fresh Prince of Bel-Air. Na utatazama mpaka mwisho humwoni Michael akinywa hiyo soda hata funda moja.

Kuna mwingine kaniuliza kwa nini Thriller ni ndefu vile. Kwa sababu ni sinema fupi, karibu dakika 14, ya Desemba 1983, na dairekta John Landis alikuwa mtu wa sinema, Michael alimtafuta baada ya kuona filamu yake ya mtu anayegeuka mbwa mwitu. Mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa, video ya kwanza ya muziki kupewa heshima hiyo. Huku kwetu bara hata runinga hatukuwa nayo mpaka mwaka 1994, Zanzibar ndio walitutangulia kwa mbali, kwa hiyo wengi tuliiona kwa mikanda ya kukodi ile iliyochoka, picha inaruka, na bado tuliogopa.

Eti tangazo la Apple la dada anayerusha nyundo lilionyeshwa mara moja tu? (Msomaji, Arusha)

Kitaifa Marekani ndiyo, tarehe 22 Januari 1984, katikati ya Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani. Ila mwisho wa Desemba 1983 lilikuwa limeshapitishwa usiku kwenye kituo kidogo cha Idaho ili liweze kushindania tuzo za mwaka ule. Baada ya fainali vituo vya habari vikalirudia bure kama habari. Ridley Scott ndiye alishuti, bodi ya Apple ilipoliona kabla haikulipenda kabisa, na kompyuta yenyewe inayouzwa hauioni. Nalisifu lakini si la moyoni mwangu, linanitisha kuliko kunifurahisha.

Dada, ile video ya bendi ya a-ha, mkaka wa kwenye kitabu cha katuni anamvuta mdada mle ndani. Walitumia programu gani? Nataka kuijaribu kwenye simu. (Mwanafunzi wa sanaa, Unguja)

Penseli mdogo wangu. Penseli na karatasi. Take On Me ya mwaka 1985, dairekta Steve Barron, huyo huyo wa Billie Jean. Walishuti kwanza watu wa kweli London, halafu Michael Patterson na mwenzake Candace Reckinger wakachukua ile filamu picha moja moja wakaichora juu yake, karibu picha 3,000, wiki 16. Ndio maana mistari inatetemeka. Kila picha imechorwa upya na mkono haurudii mstari ule ule mara mbili, na ule mtetemeko ndio unaomfanya yule mkaka aonekane anapumua. Sasa hivi kuna programu za kufanya hivyo kwa kubonyeza, mistari inatoka imetulia mno, imekufa. Ukitaka kujaribu chukua sekunde mbili tu za video, uchapishe picha zake, uweke karatasi juu ya kioo cha dirisha mchana uchore. Utachoka, na utanishukuru.

Na ukimaliza tafuta Sledgehammer ya Peter Gabriel, 1986. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nasema wazi. Gabriel alilala chini ya kioo saa 16 huku watu wanapanga vitu juu ya kioo, wanasogeza kidogo wanapiga picha, wanasogeza tena wanapiga. Kuna kuku wawili wasio na vichwa wanacheza, ni kuku wa kweli waliokwisha nyonyolewa, wa kupika kabisa, na aliyewachezesha ni Nick Park wa studio ya Aardman ya Bristol, aliyekuja kupendwa dunia nzima kwa Wallace na Gromit, zile katuni za vinyago vya udongo. Fikiria kukaa na kuku mbichi chini ya mataa ya studio siku nzima. Mwaka 1987 ilichukua tuzo 9 za MTV.

Mbona kila kitu ni Ulaya na Marekani, Makmende umemsahau? (Msomaji, Nairobi)

Sijamsahau, ulikuwa unangoja zamu yako tu. Machi 2010 Just A Band, bendi ya Kenya, walitoa video ya Ha-He, Jim Chuchu akiwa mmoja wa walioiongoza, kuna jamaa, ndiye Makmende mwenyewe, na afro yake na kitambaa kichwani anapiga maadui mtaani kwa mtindo wa sinema za miaka ya 70. Wakenya wakamchukua wakamfanya wao, kila mtu anatunga sifa yake, anabandikwa kwenye majalada ya magazeti makubwa, anatembea mtandaoni mpaka CNN wakaandika. Hakukuwa na nyumba ya kifahari wala bwawa la kuogelea wala gari la kukodi, kulikuwa na mtu mmoja anayetembea kama mtaa ni wake. Wasanii wetu wa Bongo naomba muitazame tena, kwa upendo kabisa nasema, nimechoka na mabwawa.

Dada mimi na wenzangu wanne tuna wimbo, tuna simu moja nzuri, hela hatuna. Kichupa tunakifanyaje? (Mwanafunzi, Iringa)

Tafuteni za OK Go, bendi ya Marekani, muanze na A Million Ways ya mwaka 2005. Wanne wanacheza dansi kwenye ua wa nyuma ya nyumba, kamera imesimama mahali pamoja, haikatwi mwanzo mpaka mwisho. Mwaka uliofuata wakafanya Here It Goes Again kwenye mashine 8 za kukimbilia za jimu, kamera imesimama vile vile, aliyewapangia na kuwaongoza ni Trish Sie, dada wa mwimbaji wao Damian Kulash, na 2007 wakapata Grammy. Baadaye makampuni yenyewe yakaanza kuwafuata, bima ya State Farm ikalipia This Too Shall Pass mwaka 2010, ile ya mashine kubwa inayogongana yenyewe, na nembo yao iko kwenye kale kagari ka kuchezea kanakoanzisha safari, ukipepesa macho imekupita. Chevrolet nao wakaja, mpaka shirika la ndege la S7 la Urusi, wakachezea ndani ya ndege hewani wakielea.

Kwa hiyo ninyi watano hela isiwasumbue kwanza. Chagueni kitu kimoja ambacho mnaweza kukifanya pamoja kuliko watu wengine, kuruka kamba, kubebana, kupanga madawati, chochote, kifanyieni mazoezi mpaka kila mtu ajue mguu wake uko wapi kwenye kila mstari wa wimbo. Simu ifungeni kwenye kiti juu ya meza isitikisike, iwe ya kulala sio ya kusimama, na mzime mtandao isije ikaita katikati. Shutini saa kumi na moja jioni jua likiwa nyuma ya simu, Iringa pale mna mwanga mzuri. Mkikosea rudieni kutoka mwanzo, msiunge vipande. Na spika ya kupigia wimbo iwe karibu na ninyi, sio karibu na simu, maana sauti ya wimbo mtaiweka baadaye, pale mnachohitaji ni kusikia mdundo wote kwa wakati mmoja. Mkimaliza nitumieni, nitaitazama mpaka mwisho.