Re: Ushirika Mtakatifu umeibwa kwa Mithras?

Habari mkuu. Kwa hiyo umekwama hapo, jamaa yako anadai meza ya Bwana iliibwa kwenye dini ya mungu Mithras ya Warumi na ushahidi wake ni Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya pili. Mi nilibanwa na swali hilohilo kwenye kipindi cha vijana kanisani, jasho lilinitoka.

Cha kwanza angalia miaka. Yustino aliandika kwenye miaka ya 150 na alichosema ni kwamba mashetani ndo waliiga, mkate na kikombe cha MAJI, yaani anawashutumu watu wa Mithras. Paulo anausimulia usiku ule wa chakula cha mwisho cha Yesu kwenye 1 Wakorintho 11, barua ya miaka ya 50, wakati mabaki ya ibada ya Mithras ya Kirumi yaliyochimbuliwa yanaanza mwishoni mwa karne hiyo. Sasa nani aliiba kwa nani?

Ila usianze kushangilia, utata wenyewe uko kwingine. Fungua Marko 14:12 halafu Yohana 19:14: kwa Marko kile ni chakula cha Pasaka, kwa Yohana Yesu anahukumiwa siku ya maandalio, Pasaka bado haijaliwa, na mezani anaosha miguu, maneno ya mkate na kikombe hayapo. Didake, kile kitabu cha mafundisho cha Wakristo wa mwanzo, sura ya 9 ndo inachanganya kabisa, kikombe kinatangulia mkate na mwili na damu havitajwi. Wasomi wanavutana mpaka leo, mi naona tu makanisa ya mwanzo hayakuwa na mtindo mmoja. Mchungaji wetu nilipomwonyesha hiyo Didake alikaa kimya, kisha akaomba nimtolee kopi.