Wiki mbili zote Queenstown? Hapana, dada

Dada, umeuliza kama wiki mbili za begi mgongoni, Kisiwa cha Kusini, New Zealand, uzimalizie Queenstown. Mji mzuri, ila utakukausha mfuko. Kaa siku chache, kisha panda basi uende Te Anau, mji ulio mlango wa Milford Sound, ghuba nyembamba ya bahari kati ya milima mirefu. Nafasi za vibanda vya kulala kwenye Njia ya Milford, matembezi ya miguu ya siku kadhaa, hugombaniwa miezi mingi kabla. Ukikosa, panda kilele cha Key Summit, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, na milima utaiona. Beba dawa ya visubi, wanauma mchana kweupe! Buti usiziache nje, kasuku wa kea watazitafuna. Na zioshe tope kabla ya safari, uwanja wa ndege wanazikagua.