Wikendi Le Havre na watoto: kaeni, msikimbilie Paris

Dada, umeuliza kama mkae Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa, wikendi nzima na watoto mkisubiri feri ya Uingereza, au mkimbilie Paris kwa kuwa mji wenyewe ni bandari na viwanda tu. Kaeni.

Anzeni na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Kwa nje ni zege tupu, lakini ingieni jua likiwaka: mnara wa mita 107 uko wazi hadi juu, na vipande vya vioo vya rangi zaidi ya 12,000 vinamwaga nyekundu, kijani na njano ukutani. Waacheni watoto watazame mpaka shingo ziwaume. Waelezeni pia kwamba mji ulibomolewa kwa mabomu mwaka 1944, ukajengwa upya chini ya msanifu Auguste Perret. Ndiyo maana UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005.

Ufukweni mnafika kwa miguu, ila ni mawe, si mchanga, kwa hiyo bebeni viatu vya kuingilia majini. Meli za makontena mtaziona zikipita; kwa watoto hiyo ni burudani tosha. Hoteli chukueni katikati ya mji.