Hajalipa ada ya chama cha wazazi: ana kura au hana?

Mkuu, nimekuelewa hivi: kamati ya chama cha wazazi shuleni kwa mwanao imetangaza, wiki mbili kabla ya uchaguzi, kwamba asiyelipa ada ya uanachama hatapiga kura wala kugombea. Wewe ada yako umeizuia makusudi kwa kuwa hesabu za mwaka jana hazijasomwa hadi leo. Unauliza kama wana haki ya kukunyima kura. Nimekuwa mweka hazina wa chama cha namna hiyo kwa miaka mitatu, na suala hili limeninyima usingizi, kwa hiyo univumilie nikijibu kwa urefu.

Anza na katiba ya chama, achana na tangazo la kamati. Usikubali kusomewa kifungu kwa simu. Shika nakala mkononi uangalie ni ya mwaka gani, maana si ajabu kukuta chama kina katiba mbili: iliyosajiliwa, na nyingine inayozunguka kwenye kundi la simu ikiwa imeongezwa maneno. Nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha uanachama. Kikisema "kila mzazi au mlezi mwenye mtoto shuleni ni mwanachama", basi wewe ni mwanachama tangu siku mtoto alipoandikishwa, na hiyo ada ni deni kama madeni mengine. Kikisema "mwanachama ni mzazi aliyejiandikisha na kulipa ada", hapo huna pa kusimamia. Bila kulipa bado hujaingia.

Ugomvi mwingi unatoka kwenye hali ya katikati. Katiba inasema mwanachama atalipa ada kila mwaka, halafu inanyamaza. Asipolipa afanyweje, hakuna neno. Kamati huuchukua ukimya huo kama ruhusa. Kanuni za mikutano za Robert (kitabu cha Mmarekani Henry Robert), zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1876 na zinazotumiwa na vyama vingi pale katiba zao zinapokosa jibu, zinasema kinyume chake: mwanachama mwenye deni la ada anabaki na haki zake zote, kura ikiwemo, mpaka afutwe rasmi au asimamishwe kwa utaratibu wa nidhamu, labda katiba yenyewe iwe imesema vingine. Mimi nakubaliana na kanuni hiyo kabisa, kwa sababu nimeshaona kinachotokea ikipuuzwa.

Mwaka wangu wa pili niliwekwa mlangoni siku ya mkutano mkuu, mimi na meza na kaunta buku. Waliolipa nilikuwa nimewaandika kwa kalamu ya bluu, wasiolipa kwa nyekundu. Agizo la mwenyekiti lilikuwa kwamba wa nyekundu waingie, wakae, wasikilize, ila wasipewe kadi ya kura. Akafika bibi mmoja anayelea wajukuu wawili. Jina lake lilikuwa jekundu. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimelipa." Nikamgeuzia daftari aone. Hakubishana nami. Alifungua mkoba, akatoa kitambulisho chake kilichokuwa kwenye kifuko cha plastiki, na nyuma ya kitambulisho akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa risiti, na saini iliyokuwa chini yake ni yangu. Nilipokea fedha yake siku wazazi walipokuja kuchukua ripoti za watoto, nikamkatia risiti, nikasahau kuihamishia kwenye daftari.

Nilimpa kadi na kumwomba radhi. Lakini kabla yake nilikuwa nimeshawanyima kadi watu 7 kwa daftari lile lile, na 4 kati yao walikuwa wameondoka kwa hasira. Usiku huo nilipitia kitabu cha risiti ukurasa kwa ukurasa. Wawili kati ya wale walioondoka walikuwa wamelipa. Na kiti cha katibu siku hiyo kilikuwa kimepatikana kwa tofauti ya kura moja.

Nilipoipelekea kamati jambo hili nikaambiwa matokeo yameshatangazwa, tusonge mbele. Nikaandika barua. Kilichotuokoa ni katibu mteule mwenyewe, aliyesimama kwenye kikao na kusema hawezi kukalia kiti chenye maswali. Uchaguzi wa nafasi hiyo ukarudiwa. Tangu hapo nimekuwa na msimamo kwamba mtu hanyimwi kura kwa daftari ambalo yeye mwenyewe hajawahi kuliona. Orodha ya wapiga kura ibandikwe siku kadhaa kabla, mzazi apate muda wa kuleta risiti yake, na mlangoni iwe kazi ya kuhakiki majina tu, si ya kuhukumu watu.

Jingine la kuangalia ni deni gani hasa unalodaiwa. Ada ya uanachama ni kitu kimoja, michango ya madawati au ziara ni kitu kingine, na karo ya shule ni cha tatu kabisa. Nimeona kamati ikivichanganya vyote ili orodha ya "wadaiwa" iwe ndefu. Ukiambiwa hujatimiza wajibu wako, uliza kwa maandishi: wajibu upi, kifungu kipi?

Wanaotetea kufunga kura kwa ada huniambia kwamba aliyetoa fedha yake ndiye mwenye uchungu na chama. Nawaelewa. Kama chama kinajadili namna ya kutumia fedha za ada tu, waliozitoa waamue. Ila vyama vyetu vingi vinakwenda kwa mwalimu mkuu na kusema "wazazi wamekubali". Wazazi gani? Ukisema kwa niaba ya wote, kura iwe ya wote. Ujerumani mambo haya yametenganishwa: wawakilishi wa wazazi huchaguliwa na wazazi wote wa darasa, halafu chama cha kuichangia shule ni chombo kingine chenye wanachama wake na ada yake. Ufaransa nako, wawakilishi wa wazazi kwenye baraza la shule wanapigiwa kura na wazazi wote, awe amejiunga na chama chochote au la. Baba ana kura yake na mama ana yake, hata kama wana watoto wanne katika shule hiyo. Kanuni hiyo ya mwisho naipenda sana. Inamaliza ule mzozo wa "familia moja kura moja", ambao wazazi waliotengana huishia kugombania kadi mbele za watu.

Halafu kuna jambo ambalo wapenda ada huwa hawalitazami. Mwaka wa tatu, jioni ya kuamkia mkutano, mtu mmoja alinitumia kwa mkupuo ada za watu 23. Majina yakafuata kwenye ujumbe. Katiba yetu haikuwa na tarehe ya mwisho ya kulipa, kwa hiyo sikuwa na namna ya kuyakataa, na kesho yake wote 23 walikuja wakapiga kura. Ndiyo kusema kura zilikuwa zimenunuliwa kwa risiti halali niliyoikata mimi. Ukiweka sharti la kulipa bila tarehe ya mwisho iliyo mbali na siku ya uchaguzi, unamfungulia mlango mwenye mfuko mnene na kumfungia yule bibi wa wajukuu wawili.

Sasa kuhusu wewe kuizuia ada. Hapo hatukubaliani, mkuu, na nakwambia kwa nia njema. Madai yako ya hesabu ni ya haki kabisa, lakini umewapa kamati fimbo ya kukuchapia. Watazungumzia deni lako na hesabu zitasahaulika. Lipa leo, chukua risiti, na uambatanishe barua kwamba umelipa ukiwa bado unadai taarifa ya fedha ya mwaka jana isomwe kabla ya uchaguzi. Ukiwa umelipa, hakuna atakayekujibu kwamba swali lako halina mwenyewe.

Kwa wenzako wasioweza kulipa kwa sasa, mwandikieni katibu kabla ya mkutano. Mwombeni kifungu kinachowanyima kura, na kama sharti ni jipya, muhtasari wa kikao kilicholipitisha: akidi ilitimia? Wanachama walipewa taarifa mapema kwamba katiba itabadilishwa? Kwa kawaida kamati haina mamlaka ya kubadili katiba, hiyo ni kazi ya mkutano mkuu, na mara nyingi huhitaji theluthi mbili ya kura. Siku yenyewe, simameni na hoja ya utaratibu kabla kura ya kwanza haijapigwa, na msisitize iandikwe kwenye muhtasari. Mkingoja hadi matokeo yatoke mtaonekana mmeshindwa na sasa mnatafuta sababu.

Mwenyekiti akikataa kata kata, pendekezeni njia tuliyoitumia sisi uchaguzi uliofuata. Mwenye mgogoro wa ada anapiga kura kama wengine, ila karatasi yake inatiwa kwenye bahasha isiyo na alama, na bahasha hiyo inafungwa ndani ya nyingine yenye jina lake. Zinawekwa kando. Kura zisizo na ubishi zinahesabiwa kwanza. Tofauti ikiwa kubwa kuliko idadi ya bahasha, hakuna haja ya kuzifungua. Ikiwa ndogo, mkutano unakaa na kuamua bahasha moja moja, risiti na katiba zikiwa mezani. Kwetu bahasha zilikuwa 6 na tofauti ikawa kura 11. Watu walitoka ukumbini wakiongea.